Mwezi Mmoja, Dreadnought Moja, Bila Mshindi

Safu ya Zuhura Mbwana

Kila Oktoba, watu waliotawanyika nchi mbalimbali, wengi wao hawajawahi kuonana ana kwa ana, hutoa kabatini kijisanamu kimoja cha plastiki ya kijivu na kuwaahidi wenzao kwamba mwezi hautaisha kabla hakijapakwa rangi kikakamilika. Changamoto hiyo inaitwa Dreadtober. Nusu ya jina ni mwezi wenyewe, na nusu ni Dreadnought, mashine ya vita inayotembea kwa miguu miwili katika mchezo wa mezani wa Warhammer 40,000. Hakuna majaji wala kikombe. Anayemaliza anapiga picha, wenzake wanampongeza, basi.

Wapo wanaoona kwamba kitu kama hicho kimekosa makali. Weka zawadi, wanasema, weka nafasi ya kwanza hadi ya tatu, uone watu watakavyojituma. Nawaheshimu, maana nia yao ni kuikuza kazi hii. Lakini nawapinga kabisa. Changamoto ya kupaka rangi ikishapata mshindi, inawapoteza watu wale wale iliyoanzishwa kwa ajili yao.

Nimweleze kwanza msomaji asiyeujua mchezo huu. Warhammer 40,000 ilitoka mwaka 1987, kitabu chake cha kwanza kikiwa kimeandikwa na Rick Priestley. Wenye mchezo ni Games Workshop, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1975 na ambayo siku hizi makao yake yako Nottingham, Uingereza. Hadithi yake iko mbali sana mbele, katika milenia ya 41, ambako binadamu wametapakaa kwenye nyota na vita havijui kwisha. Wachezaji wawili wanapanga majeshi yao mezani, wanapima umbali kwa futi kamba, wanarusha dadu. Askari wa kawaida ana urefu wa sentimita tatu hivi. Tena huuziwi askari aliyekamilika. Unauziwa fremu ya plastiki yenye mikono, miguu, vichwa na bunduki mbalimbali. Ukate kila kipande, usugue mabaki, ugandishe, halafu upake rangi mwenyewe.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. H. G. Wells, yule yule aliyewaleta wavamizi wa Mirihi katika The War of the Worlds mwaka 1898, alichapisha mwaka 1913 kitabu kidogo kiitwacho Little Wars, chenye kanuni za kupigana vita sakafuni kwa askari wa kuchezea na mzinga mdogo wa springi. Askari wa madukani enzi zake walikuja wameshapakwa rangi kiwandani. Kwa hiyo mtu mmoja alisaidia kuzaa hadithi za kisayansi na michezo ya vita vya mezani pamoja, na hakulazimika kukaa usiku na brashi akipaka macho ya askari.

Sisi tunalazimika, na ndiyo maana karibu kila mpenzi wa mchezo huu ana maboksi ambayo hayajaguswa. Kununua ni jambo la dakika chache. Kupaka ni jambo la jioni nyingi, baada ya kazi, baada ya watoto kulala. Wengine hujiita wavivu kwa sababu ya maboksi hayo, na mimi sikubaliani nao. Nimewaona watu wenye bidii katika kila jambo wameshindwa na kijisanamu kimoja, na nadhani sababu naijua.

Kwanza ni picha iliyoko kwenye boksi. Vijisanamu vya kwenye boksi vimepakwa na 'Eavy Metal, kikosi cha wapakaji rangi walioajiriwa na kampuni kwa kazi hiyo tu. Kila ukingo wa deraya una mstari wa rangi angavu mwembamba kama unywele. Anayeanza anaiweka picha hiyo mbele yake kama kipimo, na kwa kipimo hicho ameshindwa kabla hajafungua kopo.

Pili, na hili ndilo zito zaidi, kuna hatua ya katikati ambapo kila kijisanamu kinakuwa kibaya. Kila kimoja, cha fundi na cha mwanafunzi. Umeshapuliza undakoti. Umeweka rangi za kwanza: nyekundu kwenye deraya, ya chuma kwenye silaha, nyeusi kwenye maungio. Umefuata ushauri ambao Duncan Rhodes, mwalimu maarufu wa kazi hii, aliueneza hadi ukawa kama amri: rangi izimuliwe kwa maji, upake tabaka mbili nyembamba badala ya moja nene. Na bado unachokiona ni kitu bapa, kisicho na kivuli, brashi imeteleza hapa na pale, nyekundu imeingia kwenye nyeusi. Umeitazama kazi ya jioni tatu na moyo umekufa.

Hatua inayofuata ndiyo inayobadilisha kila kitu. Unachukua rangi ya majimaji, Agrax Earthshade ya kahawia au Nuln Oil nyeusi, nyepesi kama chai ya rangi, na kuipitisha juu ya yote. Inateremka yenyewe kwenye mifereji na kuzunguka ripiti na maungio. Sehemu zilizoinuka inazigusa kidogo tu. Ikikauka, kivuli kimepatikana. Deraya ambayo ilikuwa bapa sasa ina kina, na makosa mengi madogo yamezama humo humo. Ukirudisha nyekundu ya kwanza juu ya sehemu zilizoinuka, ukamalizia na mstari wa rangi ya machungwa kwenye kingo, mtu hawezi kuamini kwamba ni kitu kile kile cha jana.

Lakini wangapi hawajafika hapo? Waliacha jioni moja kabla. Mtu aliye peke yake, saa nne usiku, mbele ya kitu kibaya alichokifanya kwa mikono yake, hufikia uamuzi kwamba hana kipaji, na boksi linarudi kabatini. Aliye ndani ya changamoto anaona usiku huo huo picha za wenzake zikiwa katika hali ile ile, na mtu wa nchi ya mbali ambaye hajui hata sura yake anamwambia aendelee, kesho atapitisha ile ya majimaji. Hiyo ndiyo kazi ya changamoto ya pamoja. Inafanya kazi wiki ya pili.

Sasa leta zawadi uone. Zawadi hufanya kazi mwisho wa mwezi, na huwasukuma wale ambao wangemaliza hata bila kusukumwa. Tena inamfunga mdomo kila mtu. Katika mashindano, kuonyesha kazi iliyo nusu na mbaya ni kujidhuru. Unaificha mpaka ipendeze. Katika Dreadtober picha ya kazi mbaya ndiyo kiingilio. Ukiweka mshindi, picha za wiki ya pili zitatoweka, na mtu wa saa nne usiku atabaki peke yake tena.

Mashindano yana mahali pake, na siyasemi vibaya. Golden Demon, mashindano ya Games Workshop yenyewe, yalianza mwaka 1987, na mshindi wa jumla hupewa upanga wa kweli uitwao Slayer Sword. Kazi zinazofika huko ni sanaa isiyohitaji mtetezi. Mtu anapaka dhahabu bila kutumia rangi yenye chembe za metali hata kidogo: kahawia, njano na nyeupe, zikikutanishwa kwa ustadi mpaka jicho linaapa kwamba linaona mng'aro. Nimejifunza mengi kwa kuzitazama. Ila fundi wa kiwango hicho hahitaji kushikwa mkono, na fundi wa kiwango hicho si wengi wetu.

Kuna njia nyingine iliyojaribiwa, ile ya kanuni. Toleo la tisa la Warhammer 40,000, lililotoka mwaka 2020, liliweka kwamba mchezaji ambaye jeshi lake lote limepakwa rangi kwa kiwango cha msingi, pamoja na vitako vyake, anapata pointi 10 kati ya 100. Toleo la kumi la mwaka 2023 liliiendeleza kanuni hiyo. Naielewa nia yake, kwa kuwa meza yenye majeshi mawili yaliyopakwa rangi inavutia, na anayejitahidi anastahili kuthaminiwa. Lakini nafikiria kijana aliyecheza vizuri, akapoteza kwa pointi nane, akaambiwa tofauti ni rangi. Huyo atapaka kwa hasira au ataacha mchezo. Pointi 10 hazitamkalia karibu usiku.

Mfano ninaoupenda ni wa zamani zaidi. Jarida la White Dwarf, ambalo limekuwepo tangu 1977, miaka ya 1990 lilianza mfululizo ulioitwa A Tale of Four Gamers. Watu wanne walijenga majeshi yao kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi, mbele ya wasomaji. Hamu ilikuwa kuona nani amefika wapi, na majeshi yakikua polepole kama yanavyokua ya mtu yeyote mwenye kazi na familia. Nadhani changamoto za leo zimerithi roho ile, zikaikabidhi kwa yeyote mwenye brashi.

Na waliochagua Dreadnought walichagua kwa busara. Ni kijisanamu kimoja, si kikosi cha kumi. Kina mabati mapana yanayovumilia mkono mgeni. Pia kinafaa kuchakazwa: unachana kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, unakigusisha kwenye kahawia nzito, unakifutia karibu rangi yote kwenye karatasi, halafu unagonga gonga kwenye kingo, na bati linaonekana limepigana miaka mia. Hadithi yake nayo inagusa. Ndani ya Dreadnought yumo shujaa aliyejeruhiwa kiasi cha kufa, akazikwa hai ndani ya mashine ili aendelee kupigana. Mkongwe wao ni Bjorn the Fell-Handed wa jeshi la Space Wolves, ambaye hulazwa usingizi kwa karne nyingi na huamshwa na vijana wakati wa shida kubwa, au wanapohitaji kusikia kutoka kwa aliyekuwepo mambo ya kale yalivyokuwa. Ukishajua hayo, hupaki bati tena, unampaka mzee.

Hoja moja dhidi yangu naikubali. Bila zawadi, wengi huishia njiani. Ni kweli, na Novemba hukuta Dreadnought nyingi zikiwa na mguu mmoja mwekundu na mmoja wa kijivu. Kwangu huo bado ni ushindi juu ya boksi lililofungwa. Ndiyo maana ningependa waandaaji wa changamoto yoyote ya aina hii waipokee hiyo picha ya mguu mmoja siku ya mwisho kwa furaha ile ile, na wampangie kila mgeni mtu mmoja mzoefu wa kumuuliza maswali. Huko ndiko nguvu inayotakiwa kwenda kwenye zawadi ielekezwe.

Jambo lililobaki linaniuma zaidi, nalo ni bei. Vijisanamu vya Games Workshop ni ghali hata kwa Mwingereza, na aliye Mombasa au Dar es Salaam anaongeza usafirishaji na ushuru. Changamoto ya jamii isifungwe kwenye boksi la kampuni moja. Mashine ya BattleTech, mchezo uliozaliwa Marekani miaka ya 1980, itafaa. Roboti ya kuchezea ya mtoto, ikipata undakoti na rangi ya majimaji, itafaa pia. Anayetaka mchezo kamili atazame Stargrave ya Joseph McCullough, iliyotoka 2021: kundi lako halizidi watu kumi, na vijisanamu vya kampuni yoyote vinaruhusiwa.

Kwetu pwani kuna mambo mawili ambayo mafunzo ya Uingereza hayatakuambia kwa mkazo unaotakiwa. Undakoti ya kopo la kupuliza haipatani na unyevu. Ukipuliza hewa ikiwa nzito, hasa vuli ikibisha hodi, rangi inatua kama vumbi na kuacha uso wenye chenga. Puliza saa ambayo hewa ni kavu kuliko nyakati nyingine za siku, au tumia undakoti ya brashi. Halafu joto: rangi ya akriliki hukauka kwenye sahani kabla hujamaliza mkono mmoja. Chukua chombo bapa chenye mfuniko, tandaza tishu za jikoni zilizoloweshwa maji, weka juu yake karatasi ya kuokea, na changanyia rangi zako hapo. Zitakaa mbichi jioni nzima, na ukifunika, hata kesho yake.

Anayeingia kwa mara ya kwanza achague nyekundu au bluu. Njano haifuniki vizuri, na inataka undakoti ya rangi ya waridi au kahawia chini yake, na subira ya ziada. Dreadnought yangu mwaka huu ni ya jeshi la Imperial Fists, ambao ni wa njano toka kichwani hadi miguuni, kwa hiyo katika wiki ya pili picha zangu zitakuwa mbaya sana, na nitaziweka zote.