Namba saba ya Pamba

Najua nimepotea hapa kijiweni muda mrefu, na wengine mmeshaanza kunisimanga eti bumu limenifanya nisahau marafiki. Jamani, bumu lenyewe liliisha zamani! Likizo ndefu niliteremka Dar kutafuta riziki. Nimerudi chuoni Jumapili iliyopita kwa treni ya umeme, nikiwa na hadithi moja ya mbwa na maoni yangu juu yake. Tuanze na hadithi.

Wanaonijua wanajua nasoma tiba ya wanyama hapa SUA. Kuna jamaa wa mwaka wa tano aliniunganisha na saluni ya mbwa kule Masaki. Ndiyo, umesoma sawasawa, saluni ya mbwa. Wanaogeshwa kwa shampuu yao, wanakaushwa kwa mashine ya upepo, wanakatwa kucha, wanasafishwa masikio na wananyolewa. Rumeti wangu mpaka leo hajamaliza kucheka. Bibi yangu wa Tanga, ambaye kwake mbwa hafiki hata barazani, aliuliza mambo mawili tu: kama najiosha mara saba, moja kwa udongo, na huyo mbwa akishapendeza anakwenda harusi ya nani.

Cheka tu, lakini kazi ile imenifundisha kitu ambacho sijakikuta kwenye desa lolote: namna ya kusimama mbele ya mtu aliyekasirika, na kukubali kwamba mwenye kosa ni mimi.

Kwanza nikwambie, malalamiko mengi pale si ya mbwa kuumia. Ni ya staili. Fupi mno. Ndefu mno, mbona sioni tofauti? Uso umekuwa kama wa paka. Kwa mtu asiyefuga mbwa huo ni upuuzi wa matajiri. Na mimi nilianza na mawazo hayohayo, nikisema moyoni kwamba nywele zitaota, kelele za nini? Mpaka alipokuja Pamba.

Pamba ni Poodle mweupe, mdogo, nywele zimejikunja kweli kama pamba iliyotoka shambani. Mbwa wa aina hii nywele zake haziachi kuota kama za mbwa wetu wa mtaani, zinaendelea tu kama zako na zangu, kwa hiyo lazima anyolewe. Hata ile staili yao ya ajabu mnayoiona kwenye picha, ya kunyoa kiuno na kuacha mabonge ya nywele kifuani na miguuni, haikuanza kama urembo. Walikuwa mbwa wa kuwinda bata majini. Walipunguzwa nywele waogelee kwa wepesi, wakaachiwa za kifuani na kwenye viungo ili wasipigwe na baridi. Urembo ulikuja baadaye.

Mwenye Pamba ni mama mmoja mtu mzima, mpole. Alimwacha asubuhi kwa mzee wetu wa mapokezi. Huyu mzee ndiye anayeogesha pia, kaanza kazi ile kabla sijamaliza msingi. Mama akasema, "Mnyoeni namba saba." Mzee akaandika kwenye kadi: Pamba, namba 7. Kadi ikaja mezani kwangu.

Sasa hapa ndipo pa kusikiliza. Ukienda kwa kinyozi wako pale Msamvu ukasema namba moja, anaweka kile kichanio cha plastiki kinachoacha nywele kama milimita 3. Namba ikipanda, nywele zinabaki nyingi. Namba saba ya kinyozi inaacha zaidi ya sentimita 2. Mashine za mbwa ni kinyume. Visu vyake vina namba pia, lakini namba ikipanda nywele zinapungua. Kisu namba 4 kinaacha karibu sentimita moja. Namba 7 kinaacha milimita 3 tu. Namba 10 kinaacha milimita moja na nusu, na namba 40 ndicho madaktari wanachonyolea ngozi kabla ya upasuaji.

Yule mama ana watoto wa kiume. Namba zake alizijulia kwa kinyozi. Alitaka Pamba abaki na nywele za kushikika. Mimi nikaweka kisu namba 7, nikapiga kuanzia shingoni mpaka mkiani.

Na sitawaficha, wadau. Nilivyomshika Pamba nilisita. Nywele zake zilikuwa safi, zimechanwa, hazina fundo hata moja. Nikajiuliza, mtu anayemtunza mbwa hivi anataka anyolewe karibu na kipara kwa nini? Namba ya simu ya mama ilikuwa kwenye kadi ileile, chini ya neno Pamba. Simu ya dakika moja ingemaliza kazi. Sikupiga. Walikuwa wanasubiri mbwa wengine wanne, na mie nilitaka nionekane mwepesi.

Jioni mama akaja. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia huku anamtafuta mbwa wake kwa macho, na mbwa yuko mbele yake. Alipomtambua akanyamaza. Halafu akasema taratibu, "Mmeninyolea mtoto kama mfungwa."

Unajua nilijibu nini? "Mama, wewe mwenyewe ulisema namba saba."

Ni kweli alisema. Kwenye mdahalo ningepata pointi zote. Lakini uso wake ulibadilika kabisa. Alikuja na huzuni, nikamgeuzia iwe aibu, mbele ya wateja wengine. Hapo ndipo sauti ilipopanda na bosi akatoka ofisini kuuliza kuna nini. Nikamwambia, "Tulimnyoa kama kadi ilivyosema."

Lisome tena hilo neno. Tulimnyoa. Sisi akina nani? Mashine niliishika peke yangu.

Bosi akatazama kadi, akaona mwandiko wa mzee. Mzee hakubisha. Akasogea akasema, "Nisamehe mama, ni mimi niliyeandika, nilipaswa kukuuliza unamaanisha namba ipi." Mama akarudishiwa pesa yake, akaondoka na Pamba kwapani kamfunika kitenge. Ile pesa ikakatwa kwenye mshahara wa mzee. Mtu wa familia. Mimi nikachukua fagio nikaanza kufagia nywele, kimya.

Usiku ule sikulala vizuri, na wa pili pia. Siku ya tatu nikaenda kwa bosi nikamwambia yote, pamoja na ile kusita kwangu na simu ambayo sikupiga. Akamrudishia mzee pesa, akanikata mimi. Halafu akaniambia nimpigie mama mwenyewe. Nikampigia. Nikasema ni mimi niliyemnyoa Pamba, nilipata shaka na sikuuliza, naomba unisamehe. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Mwanangu, ungeniambia hivyo siku ile, mbona ningeondoka nimetulia." Basi. Hakuongeza neno.

Haya, sasa maoni yangu.

Kiswahili kimetupa maneno mawili ambayo Kiingereza kinayachanganya kwenye neno moja. Kuna pole na kuna nisamehe. Pole haina mwenye kosa. Unampa mtu aliyejikwaa hata kama wewe ulikuwa ng'ambo ya barabara. Nisamehe ina mwenye kosa, na mwenye kosa ni anayesema. Nimekaa miezi mitatu pale mapokezi nikiangalia watu wanavyogombana juu ya nywele za mbwa, na naona ugomvi mwingi unatokana na kutoa neno moja mahali pa jingine, au kunyima yote mawili.

Pole ni ya kila mlalamikaji, hata ambaye hana haki. Mtu kamwacha mbwa anayemjua, kapewa mbwa asiyemjua. Hiyo ni hasara kwake, iwe kosa ni lako au si lako. Pole ije kwanza, kabla ya kadi, kabla ya "ulisema mwenyewe". Ukianza na ushahidi unamfanya mteja ajitetee, na mtu anayejitetea hasikii.

Nisamehe si ya kila mtu. Hapa najua wengi mtanipinga, manake tumekuzwa kwamba mteja ni mfalme, omba radhi yaishe. Mimi nakataa, na nitawapa mfano.

Aliletwa Shih Tzu mmoja, nywele zimesokotana nyuma ya masikio, kwapani na kwenye mapaja, hata kidole hakipenyi. Mwenyewe akasema msinyoe, mchaneni tu. Nywele zikifika hapo, kuchana ni kuvuta ngozi. Kumwogesha kwanza ndiyo mbaya zaidi, maana maji yanakaza mafundo. Mzee akampigia simu, akamweleza, jamaa akakubali shingo upande. Tulivyonyoa, zile nywele zilitoka kipande kimoja kama kapeti. Chini yake kuna kupe, na ngozi nyekundu imelowa, inanuka. Jamaa alipokuja akawaka kwamba mbwa wake kawa kituko.

Mzee akampa pole. Akamwambia, "Pole kaka, najua umemzoea na nywele zake." Lakini hakumwomba msamaha wa kunyoa. Alichukua kile kipande cha nywele tulichokihifadhi, akamwonyesha, akamfunulia ngozi ya kwapani, akamwambia ampeleke kwa daktari wa mifugo leo hiihii, na nyumbani amchane mpaka ngozini, si juujuu. Jamaa alilipa akaondoka amenuna, na baadaye akatupa nyota moja mtandaoni. Sawa tu. Kama tungemwomba radhi ili yaishe, angeondoka akiamini shida ni mashine yetu. Kichana asingekigusa, na baada ya miezi michache mbwa yuleyule angerudi na kidonda kilekile. Msamaha wa uongo ungelipwa na mbwa.

Ndiyo maana ule usemi wa mteja ni mfalme hautoshi kwenye kazi hii. Pale mezani kuna watu wawili na mnyama mmoja, na mwenye ngozi ndiye asiyejua kusema. Kuna baba alitaka German Shepherd wake anyolewe wote kwa sababu ya joto la Dar. Tukakataa. Mbwa yule ana manyoya ya aina mbili, marefu ya nje na laini ya ndani. Ukiyafyeka unamwondolea kinga ya jua, na wengine huota mabakamabaka baadaye au huchelewa sana kuota. Tukamshauri tumchane yale ya ndani yaliyokufa, hewa ipite. Akalalamika kwamba tumekataa pesa yake. Pole alipata, kunyolewa hapana.

Lakini pale kosa likiwa lako, nisamehe isemwe, na isemwe kwa umoja. Nilimnyoa. Sikuuliza. Nisamehe. Lile "tu" ni blanketi zuri sana, linafunika mtu mzima. Nimeligundua pale saluni, na sasa nalisikia kila mahali hapa chuoni. Kwenye kazi za vikundi, "tulichelewa kidogo" maana yake kuna mmoja aliyelala. "Tumepoteza ile ripoti" maana yake kuna mmoja aliyeisahau kwenye daladala. Na siku zote kuna mzee fulani pembeni anayekatwa mshahara.

Kuhusu namna ya kuzuia, mambo ni machache. Namba tumeziacha kabisa. Mteja anashika nywele za mbwa wake kwa vidole viwili na kuonyesha, hapa. Tunapima kwa rula, tunaandika sentimita, tunapiga picha ya mbwa kabla ya kuanza. Ukipata shaka, weka mashine chini, piga simu. Fupi inaweza kufanywa fupi zaidi, lakini iliyokwisha kukatwa hairudishwi na bosi wala mganga.

Mama Pamba alirudi kabla sijaondoka. Nywele zilikuwa zimeshaota kidogo. Alipita moja kwa moja kwa mzee, wakasalimiana, halafu akanitazama mimi, akashika mgongo wa Pamba kwa vidole viwili. "Hapa," akasema. "Umeona?" Nikasema nimeona mama. Nilimnyoa kwa mkasi, taratibu, na watu wakasubiri.

Mwakani Mungu akipenda nitakuwa fildi, vijijini, na mikononi mwangu patakuwa na ng'ombe ambaye ni ada ya mtoto wa mtu. Kuna siku nitakosea, hilo nalijua. Ninachojiombea ni kwamba siku hiyo mdomo wangu usikimbilie "tulimpoteza".

Nawasilisha. Wanaopinga kuhusu mteja na ufalme wake, uwanja ni wenu. Na rumeti wangu, kama unasoma hapa: ile sufuria, niliiunguza mimi. Nisamehe.