Chanjo Isiachwe Njiani

Mama wa Kolero au Bunduki anayeteremka mlima na mtoto mgongoni kwenda zahanati anastahili heshima. Katika majuma ya mwanzo hujitahidi: chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio mtoto anapozaliwa, kisha majuma ya 6, 10 na 14. Baadaye mtoto hunenepa, shamba hudai jembe, masika huharibu njia, na kadi huwekwa sandukuni. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na tena miezi 18. Wako wazazi wanaodhani sindano ya pili ni ya ziada tu. Sivyo. Kati ya watoto 100 wanaochanjwa kwa miezi 9, wapatao 15 hawapati kinga, wala hakuna awezaye kuwatambua kwa macho. Sindano ya pili ndiyo huwakinga wengi wao. Nayo surua haina simile: mgonjwa mmoja aweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga.

Wazazi wajue pia kwamba homa ndogo baada ya sindano ni jambo la kawaida, na kwamba mafua madogo si sababu ya kuahirisha chanjo. Aliyekosa tarehe asione haya. Alete kadi, na mhudumu atamwonyesha pa kuendelea.

Lakini mzigo huu si wa mama peke yake. Katika Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Basi bibi na mjomba, ambao sauti yao husikilizwa, waulize habari za kadi. Akina baba nao washike zamu ya kumpeleka mtoto. Watumishi wa zahanati wasimkaripie aliyechelewa, na siku ya kliniki ya mkoba ikishatangazwa isivunjwe, kwani mama aliyepanda na kushuka bure huenda asirudi.

Nchi yetu ilianzisha Mpango wa Taifa wa Chanjo mwaka 1975. Mwaka 1980 dunia ilitangaziwa kwamba ndui umetokomezwa. Haukuondoka kwa bahati. Uliondolewa na watu waliofuata chanjo hadi kijiji cha mwisho. Surua nayo haitashindwa kwa kazi ya nusu. Kila mzazi aitoe kadi sandukuni leo, aisome, na akamilishe kilichobaki.