NANI ANAMLEA MTOTO WETU BAADA YA MADRASA?



  



Kila mwaka, tunapofunga madrasa, wapo wazazi wanaotuvuta pembeni na kutuuliza: "Ustadhi, mtoto amehitimu Juzuu Amma, mbona tabia ni ile ile?" Swali hili ni la haki na hatulikwepi. Lakini tunaomba kwanza tufanye hesabu pamoja. Wiki ina saa 168. Mtoto anayekuja madrasa saa mbili kwa siku, siku tano, anakaa nasi saa 10. Tukiondoa saa 56 za kulala, zinabaki saa 102. Je, saa hizo 102 anakaa na nani? Anasikia nini? Anaitwa jina gani?

Hapo ndipo ulipo mzizi wa jambo.

MTU HUFANYWA NA WATU

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mtoto huzaliwa katika fitra, kisha wazazi wake ndio wanaompeleka huku au kule. Akatufundisha pia kuwa mtu hufuata mwendo wa rafiki yake, hivyo kila mmoja atazame anafanya urafiki na nani. Na akapiga mfano wa muuza miski na mfua vyuma: ukikaa na wa kwanza utaondoka na harufu nzuri hata kama hukununua kitu, na ukikaa na wa pili utaondoka na nguo iliyoungua au harufu ya moshi. Tuzingatie kwamba katika mfano huu hakuna aliyefundishwa somo lolote. Kukaa tu kumetosha.

Wanavyuoni wetu waliliona hili zamani. Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, alieleza kuwa mtu ni zao la mazoea yake zaidi kuliko maumbile aliyozaliwa nayo. Karne nyingi baadaye, mwaka 1902, msomi wa Marekani aitwaye Charles Horton Cooley aliwafananisha watu wanaotuzunguka na kioo. Alisema tunajiona kwa namna tunavyodhani wao wanatuona, na kutokana na hapo ama tunajivunia nafsi zetu ama tunazionea haya. Sisi Waislamu kioo hicho si kigeni kwetu, kwani Mtume (S.A.W.) alikwisha tuambia kuwa muumini ni kioo cha muumini mwenzake.

TUTAZAME HAPA KWETU

Mwanafunzi anaweza kudhani hayo ni mambo ya vitabuni. Basi ajitazame yeye mwenyewe. Jina lake la Kiislamu na Kiswahili anachozungumza vilifikaje katika wilaya hii ya Mpwapwa?

Hapana jeshi lililokuja kuwasilimisha wazee wetu. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, na Mpwapwa kilikuwa kituo cha kupumzika, kuchota maji na kununua chakula kabla ya kuvuka nyika kavu ya Marenga Mkali na kuingia Ugogo. Stanley naye alipita njia hiyo mwaka 1871. Wafanyabiashara na wapagazi walikaa siku kadhaa wakiuza, wakinunua, wakila pamoja na wenyeji, na wengine wakioa. Mwenyeji aliwaona wakitawadha na kuswali. Alianza na salamu, kisha kofia, kisha akauliza maswali. Baadaye ikaja reli ya kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, na stesheni za Godegode na Gulwe zikawa milango mingine ya watu kukutana.

Kisha ikaja Operesheni Dodoma, mwaka 1971. Familia zilizokuwa zikiishi mbalimbali katika matembe yao, kila moja na mifugo yake, zikakusanywa vijijini. Wapo waliohamishwa bila ridhaa, na machungu yao tusiyasahau. Lakini mtoto aliyekuwa akichunga na ndugu zake tu, alijikuta katika darasa moja na watoto asiowajua. Ndiyo maana leo mtoto wa Kibakwe anaweza kumwamkia bibi yake "Mbukwenyi," akamwamkia mwalimu wa shule "Shikamoo," na akifika madrasa akatoa "Assalaamu alaykum." Salamu zote tatu ni zake, na kila moja amepewa na watu fulani.

MAJIBU MAWILI YASIYOFAA

Wazazi wakishaelewa haya, wengi hukimbilia moja ya majibu mawili.

La kwanza ni kutuachia sisi walimu kila kitu. Baba anamleta mtoto ajifunze ukweli, kisha jioni mtu akigonga mlango anamwambia mtoto huyo huyo, "Nenda kamwambie baba hayupo." Somo letu la mwezi mzima limefutwa kwa sentensi moja, na aliyelifuta ndiye mtoto anayempenda kuliko sisi.

La pili ni kumfungia mtoto ndani asichangamane na watu, hasa majirani zetu Wakristo, ambao ni wengi hapa kwetu. Hili nalo hatukubaliani nalo. Katika Suratul Hujurat, aya ya 13, Allah (S.W.) ametueleza kuwa ametujaalia mataifa na makabila ili tujuane. Mtoto atajuana vipi na watu akiwa amefungiwa? Na lau wafanyabiashara wale wa misafara wangejitenga na wazee wetu, leo tungekuwa wapi? Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sisi tunaongeza: hata aliyefunzwa na mamaye, ulimwengu bado utamfunza. Atakwenda shule ya bweni, atakwenda mnadani, atakaa kijiweni na waendesha bodaboda, ataangalia simu. Wapo mabinti zetu wanaokwenda Dodoma na Dar es Salaam kufanya kazi za ndani wakiwa bado wadogo, na huko nyumba ya mtu mwingine ndiyo inayowakuza. Kinachotakiwa ni mtoto atoke akiwa na watu wema nyuma yake, anaojua watamuuliza na watampokea.

KOSA LETU SISI WALIMU

Itakuwa si uadilifu kuwanyooshea wazazi kidole na kujisahau. Miaka ya nyuma tulikuwa na kijana mmoja mzito wa kuhifadhi. Siku moja, mbele ya wenzake, tulimwita "Bongolala," nasi tukacheka. Haikupita muda wenzake wakaliacha jina lake, hata nyumbani wadogo zake wakamwita hivyo. Akaanza kukaa nyuma, akaacha hata kujaribu, mwishowe akaacha kuja. Baadaye tulimkuta mnadani akimhesabia tajiri mmoja mauzo ya vitunguu, gunia kwa gunia, kwa kichwa tu bila kalamu, na hakukosea. Alitusalimia kwa heshima. Sisi ndio tulioona haya.

Tulikuwa tumesahau kuwa sura ile ile ya Hujurat, katika aya ya 11, inatukataza kuitana kwa majina mabaya. Tulisahau pia mwendo wa Mtume (S.A.W.). Anas bin Malik alimtumikia miaka kumi tangu akiwa mtoto, na akasimulia kuwa hakuwahi kusikia kwake hata neno la kuudhika. Na Abdullah bin Umar alipokuwa kijana, Mtume (S.A.W.) alimsifu kuwa ni mtu mwema, lau angekuwa akiswali usiku. Tangu hapo Abdullah akawa halali usiku ila kidogo. Alipewa sura njema ya nafsi yake, akaishi kuifikia. Kijana wetu tulimpa sura mbaya, naye akaishi nayo. Tunamuomba Allah atusamehe, na tunamuomba kijana huyo msamaha.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tuwajue marafiki wa watoto wetu kwa majina yao. Tuwakaribishe nyumbani, tule nao. Rafiki aliyekula sinia moja na mama wa mwenzake huona haya kumpoteza mwenzake.

Pili, tuache majina mabaya, nyumbani na madrasa. Mtoto akikosea tuseme "Hili ulilofanya ni baya," tusiseme "Wewe ni mbaya." Neno la kwanza linamwachia njia ya kurudi.

Tatu, wanafunzi wakubwa wawe ndugu wa wanafunzi wadogo. Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina mwaka 622 aliwaunganisha Muhajirina na Ansari wawili wawili. Salman aliunganishwa na Abu Dardaa, na alipomkuta amezidisha ibada hata kuisahau familia yake, alimkumbusha kuwa mwili na ahali nao wana haki zao. Abu Dardaa alikuwa sahaba mkubwa, lakini naye alihitaji ndugu wa kumrekebisha. Sembuse sisi?

Nanyi wanafunzi, msidhani ninyi ni wa kufinyangwa tu. Unapomcheka mwenzako anayekosea herufi, unamfinyanga. Unapomngoja mwenzako mje madrasa pamoja, unamfinyanga pia. Kila mmoja wenu ni muuza miski au mfua vyuma kwa aliyekaa karibu naye.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie kuwa marafiki wema kwa watoto wetu, na awajaalie watoto wetu kuwa marafiki wema wao kwa wao. Amin.