Kumpima Mtoto Tumboni Si Kujua Tu

Imekuwa ada ya wasomi wetu, kila yanapozuka mazungumzo ya kumpima mtoto angali tumboni, kuukata mjadala kwa kauli moja: kwamba kipimo ni elimu tu, nayo elimu haijapata kumdhuru mtu. Kauli hiyo naipinga, si kwa kuidharau elimu, bali kwa kuutazama ugonjwa wa selimundu, ambao hapa Tanzania maelfu ya watoto huzaliwa nao kila mwaka.

Wazazi wawili wenye kubeba urithi wa maradhi haya, ijapokuwa wao wenyewe ni wazima wa afya, katika kila mimba upo uwezekano wa moja kwa nne wa kuzaliwa mtoto mgonjwa. Na sindano ivutayo maji ya chupa ya uzazi, kuanzia wiki ya 15, yaweza kulibainisha jambo hilo. Haya, limebainika, kisha? Tiba ya kumponya huko tumboni haipo hospitalini kwetu, na sheria ya jinai hairuhusu mimba itolewe ila kwa kuunusuru uhai wa mama. Basi mwanamke hurejea nyumbani na hukumu, na siku mtoto atakapougua, mawifi watamuuliza yeye, wala si kaka yao, kwa nini alizaa ilhali alijua.

Linus Pauling, ambaye mwaka 1949 pamoja na wenzake alidhihirisha kwamba asili ya maradhi haya ni kasoro ya hemoglobini, mwaka 1968 alipendekeza kila kijana mwenye urithi huo achanjwe alama katika paji la uso. Huyo alikuwa mwanachuoni mkubwa, tena mwenye nia ya kupunguza mateso. Na elimu yake haikumzuia kutaka watu watiwe chapa.

Kipimo ninachokitetea ni kile cha tone la damu ya kisigino cha mtoto aliyekwisha kuzaliwa, kwa kuwa nyuma yake ipo penisilini ya asubuhi na jioni hadi atimize miaka 5, zipo chanjo, ipo na haidroksiyurea. Asipopimwa, mara nyingi dalili ya kwanza ni vidole kuvimba, akiwa na miezi sita au zaidi, analia kila akiguswa, na nyanya yake amekwisha kumtuma mtu kwa mganga. Wanaohimiza mimba zipimwe na watwambie kwanza dawa hizo zitapatikana katika zahanati zipi, na kwa bei gani.