Ndoto ya ufamasia inavyokwama kwenye organiki

Tanzania haina mtihani maalumu wa kuingia kozi ya ufamasia. Ila kwa mwanafunzi wa PCB mtihani huo upo, jina tu ndilo tofauti: kemia ya kidato cha sita.

Matokeo ya Necta yakitoka, kwa kawaida Julai, vyuo kama MUHAS cha Dar es Salaam na CUHAS cha Mwanza huangalia alama za kemia, baiolojia na fizikia. A ina pointi 5, B 4, C 3. Anayetaka shahada ya famasia akiteleza kwenye kemia, A ya baiolojia haimwokoi.

Wengi hugeukia stashahada ya famasia, ambayo ni miaka mitatu. Ni njia halali kabisa, lakini anayetaka kuwa mfamasia bado atakuwa na shahada ya miaka minne mbele yake.

Na sehemu inayolalamikiwa sana kwenye kemia ni ile ya misombo ya kaboni, organiki kama wanavyoiita wenyewe.

Namna ya kuisoma inajulikana. Daftari moja, kurasa na kurasa za mishale. Alkeni na HBr inatoa hiki, pombe na asidi inatoa kile. Desa linazunguka WhatsApp, watu wanapiga msuli usiku, na kila mmenyuko unakaririwa peke yake kama namba ya simu.

Tatizo ni kwamba mtihani hauishii kwenye mmenyuko mmoja mmoja. Unampa mtahiniwa kitu cha kuanzia na kitu cha kumalizia, kisha unamwambia: fika.

Chukua toluini, yaani pete ya benzini yenye kundi la methili. Swali linataka asidi ya 4-aminobenzoiki. Hatua ni tatu na zote zimo daftarini: kuingiza kundi la nitro kwa asidi ya nitriki na ya salfuriki, kuoksidisha methili iwe COOH kwa pamanganeti ya potasiamu, kisha kugeuza nitro kuwa NH2 kwa bati na asidi ya haidrokloriki.

Anayeanza na pamanganeti ameshaharibu. COOH hulipeleka kundi linalofuata kwenye nafasi ya 3, wakati methili hulipeleka kwenye nafasi ya 2 na ya 4. Anayeweka nitro vizuri, halafu akakimbilia bati kabla ya pamanganeti, naye kakwama, maana NH2 nayo itashambuliwa na pamanganeti. Wote wawili wamekariri mimenyuko mitatu bila kosa hata moja. Wote wamekosa jibu.

Na asidi hiyo si ya kwenye karatasi tu. Kimelea cha malaria huitumia kutengeneza foleti. Sulfadoksini, moja ya dawa mbili zilizomo kwenye vidonge vya SP wanavyopewa wajawazito kliniki ili kuzuia malaria, ina umbo linalofanana nayo, hivyo hukaa mahali pake na kukwamisha kazi ya kimelea. Asidi hiyo hiyo ukiichemsha na ethanoli penye asidi kali unapata benzokaini, dawa ya ganzi. Kundi likihamia nafasi ya 3, hiyo si benzokaini tena. Kwa hiyo anayeuliza “organiki itanisaidia nini kwenye dawa?” ana jibu lake hapo.

Kuwalaumu wanafunzi peke yao ni rahisi, ila si haki. Mtihani wa vitendo kwa miaka mingi umeegemea titresheni na utambuzi wa chumvi. Organiki hubaki ubaoni. Mwanafunzi anaweza kumaliza advansi bila kuona kwa macho yake rangi ya zambarau ya pamanganeti ikipotea kwenye alkeni. Tena kutoka Julai ya kidato cha tano hadi Mei ya kidato cha sita miaka miwili haitimii, na aliyechelewa kufika kwenye amini atazisoma mbiombio.

Kuna lugha pia. Darasani Kiingereza, mjadala wa usiku Kiswahili. Hapo si pabaya: anayeweza kumweleza mwenzake kwa Kiswahili kwa nini COOH inasukuma kundi jipya nafasi ya 3 ameelewa. Anayerudia tu sentensi ya Kiingereza, labda.

Pasipepa zinasaidia, lakini si kwa kuzisoma huku majibu yako pembeni, kama wengi wanavyofanya. Kinachofanya kazi ni kusoma kinyumenyume: tazama kitu cha mwisho, jiulize kundi lipi liliingia mwisho, na kabla yake je? Kisha chukua toluini ile ile, badilisha mpangilio wa hatua mara tatu na uandike kinachotoka kila safari. Inatosha karatasi moja, na desa limefungwa.