Mugunga si kambi: nyumba zetu ziko na historia

Mutu akitoka katikati ya Goma na kushika barabara ya Sake, anapita Katindo, anapita Ndosho, kisha anafika kwetu Mugunga. Motari akimuuliza, "Unashuka wapi?", watu wengi wanajibu: "Ku kambi." Kambi zenyewe zilishafungwa, mahema yalishaondolewa, lakini jina hilo limetubakia shingoni. Na sisi wenye kuishi hapa tumeanza kulizoea. Hapo njo tunakosea.

Sisi tunaoandika mistari hii ni wachimbaji wa madini na watu wa chama cha wafanyakazi. Wengi wetu tuko na bibi na watoto Mugunga juu iko njiani. Barabara hii moja njo inapanda Sake, Mushaki, mpaka Rubaya. Mwanaume anapanda kwenye shimo, mama anabaki na watoto karibu ya muji, karibu ya masomo na hospitali. Jasho la shimo limegeuka mbao, manjanja, na kwa wenye bahati, ukuta wa mawe. Kwa hiyo historia ya Mugunga si habari ya watalamu peke yao. Ni hesabu ya mali yetu.

Tuanze na jiwe, juu kila nyumba hapa inaanza na jiwe. Ardhi yetu ilitoka ndani ya volkano. Nyamulagira ilitema moto kuanzia 1938 mpaka 1940, na mawe yake yakashuka mpaka ziwa Kivu upande wa Sake. Nyiragongo ikashuka 1977, ikashuka tena 17 Januari 2002 na kukata Goma katikati mpaka ziwani, kisha 22 Mei 2021. Lac Vert, lile ziwa dogo lenye maji ya kijani karibu na sisi, ni mudomo wa volkano ya zamani. Kwetu huchimbi msingi kwa jembe. Unapasua kwa nyundo na nguzo ya chuma, na jiwe unalolitoa njo unalijengea. Mama wanaoketi kando ya barabara wakiponda kokoto, nao ni wachimbaji sawa na sisi. Kodi ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inasema pia juu ya mawe ya kujengea. Sisi wanaume wa koltani tunapenda kusahau hilo.

Wazee wa hapa wanajua kwamba Mugunga ilikuwa kijiji mbele ya kuwa kartiye. Ilikuwa mashamba na nyumba chache kandokando ya barabara, karibu na mupaka wa Pori la Virunga, ambalo Wabelgiji walilifungua 1925. Goma ilikuwa mbali. Kisha muji ukakua, zaidi tangu 1988, mwaka Kivu ya zamani iligawanyika na Goma ikawa kichwa cha Kivu ya Kaskazini. Muji ulitambaa kidogo kidogo mpaka ukameza kijiji. Leo Mugunga ni kartiye ya komine ya Karisimbi.

Kilichofanya jina letu lijulikane Ulaya na Marekani si kijiji kile. Ni Julai 1994. Kisha mauaji ya kimbari ya Rwanda, mamia ya maelfu ya watu walivuka mupaka kwa siku chache. Wakawekwa Kibumba, Katale, Kahindo, na hapa Mugunga. Kolera ikaua makumi ya maelfu. Jiwe hili ambalo tunalisifu kwa kujenga lilikatalia watu hata kaburi: ardhi ilikuwa ngumu mno, mpaka mashine kubwa za wanajeshi zikaitwa kuchimba. Miti ikakatwa kwa kuni. Mwezi wa Novemba 1996, vita ya AFDL ilipofika, kambi ya Mugunga ikatawanyika, na watu wengi sana wakarudi Rwanda kwa miguu kwa siku chache.

Watu waliorudi kwenye mashamba yao kisha pale hawakukuta mashamba. Walikuta udongo umekanyagwa na mupaka wa jirani umepotea. Kumbuka neno hilo, mupaka umepotea, juu tutalirudilia.

Mwaka 2000 bei ya koltani ikapanda duniani, simu na mashine za michezo zilikuwa zinaitafuta sana. Mwaka 2001 ikaanguka. Kwa wakati ule mufupi vijana wengi wa Masisi walishika pesa kwa mara ya kwanza. Wengine walizinywa. Wengine walinunua kiwanja huku, juu katikati ya muji walikuwa hawawezi. Kutoka hapo unaweza kusoma kartiye yetu sawa mutu anavyosoma kitabu. Nyumba ya mbao tupu ni ya yule aliyeanza. Nyumba ya semi-durable, mawe mpaka magotini na mbao juu, ni ya yule aliyepata miaka miwili ya shimo zuri. Nyumba ya durable ni ya negosia, ao ya mutu mwenye watoto kumi waliochanga. Na ile yenye ukuta umefika kwa dirisha na hauna manjanja mpaka leo? Mara nyingi mwenyewe alikufa ndani ya shimo.

Wazazi wetu waliofanya kazi na kampuni hawakujua mambo hayo. SOMINKI, iliyoanzishwa 1976, ilikuwa na kambi za wafanyakazi: nyumba ya kampuni, hospitali ya kampuni, masomo ya kampuni. Bei ya bati ilianguka 1985, kampuni ikazimika polepole, na mufanyakazi akagundua kwamba nyumba ile haikuwa yake hata siku moja. Sisi wachimbaji wa leo hatuna kampuni ya kutujengea. Hiyo ni hasara, na chama chetu kinaipigania. Lakini iko na faida moja: nyumba uliyoijenga mwenyewe haiwezi kufukuzwa pamoja na kazi. Isipokuwa huna karatasi.

Tangu 2007 vita ikarudisha mahema. Mara hii walikuwa ndugu zetu wa Masisi na Rutshuru: Mugunga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya tatu ilifungwa 2016. Mwezi wa Mei 2021, kisha volkano kushuka, sehemu kubwa ya muji iliambiwa kuhama, na watu wakapita mbele ya milango yetu wakienda Sake, magodoro juu ya chukudu. Tangu 2022 mahema tena, Bulengo, Lushagala, Lac Vert. Tarehe 3 Mei 2024 makombora yakaanguka ndani ya kambi za Lac Vert na Mugunga, watoto wakafa pale. Mwaka 2025, mwezi wa Januari, vita ikaingia Goma, na mwezi wa Februari kambi zikabomolewa, watu wakaambiwa warudi kwao.

Hesabu vizuri. Kwa miaka thelasini, ardhi moja imejaa na kumwagika mara ine ao tano. Kila mara mahema yanakuja, mupaka wa shamba unapotea. Kila mara mahema yanaondoka, kunatokea mutu mwenye kusema, "Hapa ni pangu." Na mwenye kubaki na hasara ni yule asiyeweza kuonyesha kitu.

Sisi tumelionja hilo. Mwenzetu mumoja alipanda kwenye shimo kwa miezi saba. Aliporudi alikuta kiwanja chake kimezungushiwa uzio mupya na mutu ambaye hamujui. Yule naye alikuwa na karatasi, imetiwa sahihi na muhuri. Yetu ilikuwa na sahihi na muhuri pia. Zote mbili zilikuwa karatasi za kuuziana tu, na muuzaji alikuwa mumoja.

Kwa hiyo tuseme wazi, hata kama inauma. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni wa Leta, na haki ya mutu juu ya kiwanja inakamilika paka kwa karatasi moja: certificat d'enregistrement. Karatasi ya kuuziana, yenye sahihi ya chefu wa kartiye na mashahidi, ni mwanzo wa safari. Si mwisho. Katikati kuna kupimiwa kiwanja na kupandishwa mipaka, kuna mukataba wa kupanga na Leta, kuna kujenga ili kuonyesha kwamba kiwanja kinatumika. Wengi wetu tuliishia kwa hatua ya kwanza, tukanunua manjanja na tukafikiri tumemaliza.

Kuna wenye kutujibu: "Bwana, historia haitiwi mu sufuria. Tuletee bei nzuri ya koltani, utuachie mambo ya zamani." Tunawaelewa. Njaa haisubiri. Wengine wanasema ofisi zimebadilisha wakubwa mara mingi, na pesa za kuhangaika na karatasi hatuna. Hayo pia ni kweli. Lakini muchimbaji anajua kitu kimoja kushinda watu wote: shimo lisilo na alama linachimbwa na kila mutu. Tukiingia chini tunaweka nguzo, tunahesabu mita, tunakumbuka nani alianza wapi. Mbona juu ya ardhi, pahali watoto wetu wanalala, tunaishi bila alama?

Historia ya nyumba ni ushahidi. Siku ya mashitaka, hakimu anauliza: ulifika mwaka gani? Jirani yako wa kwanza alikuwa nani? Ukuta huu ulijengwa mbele ya volkano ya 2021 ao kisha? Mwenye kujibu kwa tarehe na kwa mashahidi anasikilizwa kushinda mwenye kulia.

Historia ni usalama pia. Wazee wanajua pahali mazuku inatoka, ile hewa mubaya inayojikusanya ndani ya mabonde ya mawe, zaidi usiku na asubuhi mapema. Ni nzito kushinda hewa ya kawaida, haina rangi, inaua mbuzi na mutoto anayelala chini. Mugeni anauziwa bonde kwa bei rahisi na anajenga pale kwa furaha. Muzee anayejua akikufa bila kuulizwa, mutoto wa mugeni atakufa kwa kitu ambacho kartiye nzima ilikuwa inajua.

Na historia ni haki ya mujane. Shimo likianguka na papa akabaki chini, siku arobaini hazijaisha, ndugu za marehemu wanafika na kusema nyumba ni ya ukoo. Sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, haimuachi mujane mikono mitupu. Lakini sheria inatafuta jina, na jina la mama haliko kwa karatasi, ijapokuwa yeye njo alibeba mawe ya msingi mugongoni wakati papa alikuwa Rubaya. Aibu hiyo ni yetu wanaume. Tuirekebishe tungali wazima.

Tunaomba nini? Si mambo makubwa. Kwanza, kila avenyu iwe na daftari moja. Nyumba kumi aiweke, na nakala ikae kwa mutu mwingine wa kuaminiwa. Andikeni: nani alifika, mwaka gani, alinunua kwa nani, alijenga kwa nini, mupaka unapita kwa jiwe gani, bonde gani liko na mazuku. Daftari hiyo haitashika nafasi ya certificat, lakini siku ya mugogoro itasema wakati wazee watakuwa wamenyamaza. Pili, karatasi yoyote uliyo nayo, ipige picha na simu, utume kwa mutoto ao ndugu aliye muji mwingine. Vita inachoma nyumba pamoja na sanduku. Tatu, andika jina la bibi yako. Ine, kabla ya kununua, usiamini muhuri peke yake. Uliza majirani wa pande zote ine.

Na kwa wakubwa, wawe nani: msigawe wala kuuza pahali kambi zilikuwa kabla ya kuuliza wenye mashamba ya zamani na kabla ya kuonyesha wazi pahali watu walizikwa. Wafu wa 1994 na wale wa 2024 hawana mutu wa kuwasemea ofisini. Watakuwa na sisi.

Siku ya Mungu inayokuja, kisha misa ao ibada, mutoto wa kila nyumba akae karibu ya muzee mumoja na kalamu. Amuulize swali moja tu: "Babu, hapa palikuwa nini?" Aandike jibu, tarehe na jina. Na siku motari atatuuliza tunashuka wapi, tumutajie jina la avenyu yetu.