Magoti ya Mama Zetu: Kidonge Si Tiba ya Kila Siku



Wiki hii twazungumzia maradhi yaliyomo katika nyumba nyingi za pwani yetu: maumivu ya magoti yasiyokwisha. Mama hushika ukuta ili ainuke mkekani, na mbuzi ya kukunia nazi hawezi tena kuikalia. Jamaa husema, "Ni uzee huo." Naye kila jioni humeza kidonge alichonunua duka la dawa, na miaka yapita hivyo.

Ncha za mifupa inayokutana gotini zimefunikwa na gegedu, tabaka laini linaloiwezesha mifupa kuteleza bila ya kusuguana. Likichakaa, goti huuma, hufura na hukakamaa. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, hasa baada ya hedhi kukatika. Hakuna dawa inayolirudisha gegedu hilo, lakini maumivu yaweza kupungua sana, na tiba ya kwanza haiuzwi dukani.

Tiba hiyo ni mazoezi. Wengi hudhani goti linalouma lapaswa kupumzishwa tu, kumbe misuli ya paja ikidhoofika, mzigo wote hukielemea kiungo. Kaa kitini, nyoosha mguu mmoja mbele, kaza paja, hesabu mpaka 5, kisha ushushe. Rudia mara 10 kwa kila mguu, asubuhi na jioni, na utembee kidogo kidogo kila siku. Nafuu haiji kwa siku mbili. Yataka subira ya wiki kadhaa. Fimbo nayo si aibu, na hushikwa kwa mkono ulio upande wa goti zima.

La pili ni uzito. Kila kilo 1 inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo 4 katika kila hatua. Basi sukari ya chai, mahamri na viazi vya karai vyataka kiasi. Kuchua kwa mafuta ya moto huliwaza, wala hatukukatazi, lakini hakushiki nafasi ya mazoezi.

Ama dawa, ni bora kuanza na ile ya kupaka yenye diklofenaki, kwani ni kidogo tu huingia katika damu. Vidonge vya diklofenaki au ibuprofeni ni vya siku chache, kwa ushauri wa daktari. Vikimezwa kwa miezi na miaka huweza kutoboa tumbo, kupandisha presha na kuharibu figo bila ya mwenyewe kuhisi. Na ni mama zetu wangapi wenye magoti pamoja na presha na sukari? Hao ndio walio katika hatari zaidi.

Sindano ya steroidi gotini hutuliza kwa wiki kadhaa tu. Upasuaji wa kubadilisha goti ni wa mwisho, kwa yule ambaye maumivu yamemnyima usingizi na mwendo baada ya kujaribu mengine. Utafiti waonyesha kuwa takriban magoti 8 kati ya 10 ya kubandikwa hudumu miaka 25.

Wako pia wanaojilazimisha kusujudu kwa machozi kwa kuona haya kuswali kitini. Dini yetu ni nyepesi. Mtume (s.a.w.) alimuelekeza Imran bin Huswain (r.a.), aliyekuwa mgonjwa, aswali kwa kukaa iwapo hawezi kusimama. Mwenye kuweza baadhi ya nguzo na kushindwa nyingine na awaulize maulamaa namna ya kuzitekeleza.

Enyi watoto, wiki hii muulizeni mama ni vidonge gani anavyomeza, na tangu lini. Chukueni pakiti zote mwende naye kwa daktari, apimwe presha na figo. Na goti likiwa jekundu na la moto pamoja na homa, likikwama lisikunjuke, au likishindwa kubeba mwili, msingoje: mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wote. Amin.